Umejijengea Linux kwa mkono, sasa nani anashika daftari?

"Habari mtaalamu. Natumia Linux mwaka wa tatu sasa. Mwezi uliopita nimemaliza kujenga Linux From Scratch (LFS, Linux unayoijenga mwenyewe kutoka sosi kodi kwa kufuata kitabu) kwenye partisheni ya pembeni, imebuti vizuri tu, nikaongeza na vitu vichache vya BLFS, kitabu chake cha nyongeza, kama wget, OpenSSH na Git. Nataka nifute distro yangu (Linux iliyofungashwa tayari) nihamie humo jumla, maana nasikia kila siku kwamba pakeji meneja, zile zana za kuinstoli na kutoa programu, ni za wavivu, zinajaza takataka, na ukikompaili mwenyewe, yaani ukigeuza sosi kodi kuwa programu, mashine inakuwa nyepesi na salama zaidi. Sasa juzi kimetoka kiraka cha OpenSSL, laibrari ya usimbaji wa mawasiliano, nimekaa mbele ya taminali sijui nianzie wapi. Mafaili yapi ni ya OpenSSL? Nikiweka mpya juu ya ya zamani navunja nini? Na siku nikitaka kukitoa kitu nakitoaje? Laptop ni hii hii moja, RAM 8GB, ndo nafanyia kazi zangu zote. Je, kweli nahitaji pakeji meneja? Na nikiiweka juu ya LFS si nitakuwa nimeharibu maana yote ya kujenga mwenyewe?"

Ndugu yangu, kwanza hongera, na naisema kwa moyo. Kuanza na binutils (zana za kuunganisha bainari) ya raundi ya kwanza, ukaja gcc (kompaila) ya kwanza, ukaingia chroot (ndani ya mfumo mpya unaoujenga), ukapitia pakeji kama 80 moja moja mpaka mashine ikasimama kwa miguu yake, hiyo ni kazi ambayo wengi wanaianza na wanaiachia njiani, mara nyingi pale pale kwenye glibc, laibrari ya C ambayo karibu kila programu inaitegemea. Umeshaiona Linux ikiwa haijavaa nguo, hicho kitu hakuna wa kukunyang'anya hata ukirudi kutumia apt, pakeji meneja ya Debian, kesho asubuhi.

Nakupa jibu fupi kabla ya refu ili usisome huku roho iko juu: distro yako usiifute kwa sasa, ndiyo unahitaji kitu cha kufanya kazi ya pakeji meneja hata kama hakitaitwa hivyo, na hapana, hujaharibu chochote ukikiweka juu ya LFS. Sasa tukae tuongee vizuri.

Tuanze na hilo la uvivu kwa sababu ndilo linalowapoteza vijana wengi. Watu wanadhani mwanzo kulikuwa na pakeji meneja halafu mashujaa wachache wakagundua kukompaili, kumbe historia imekwenda kinyume kabisa. Kukompaili ndo ilikuwa maisha ya kawaida. Slackware na Debian zote zilianza 1993, na zana kama dpkg na RPM zimekuja miaka ile ile ya katikati ya tisini zikiandikwa na watu waliokuwa wanakompaili kila kitu kwa mkono wakafika mahali hasa ulipofika wewe juzi: mashine inafanya kazi lakini hakuna anayejua nini ni cha nani. Hawakuwa wavivu hata kidogo, walikuwa wamechoka kupoteza mafaili. Wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari. Pakeji meneja ni hilo daftari, basi. Kudownload na kuinstoli ni vikazi vya pembeni, kazi yake kubwa ni kukumbuka.

Kama distro yako ni ya ukoo wa Debian, fungua taminali sasa hivi uingie `/var/lib/dpkg/info`. Utakuta mafaili mengi sana yanayoishia na `.list`, kila pakeji na lake. Fungua moja kwa `less`, ni maandishi ya kawaida tu, mstari mmoja njia moja: `/usr/bin/` fulani, `/usr/share/doc/` fulani, mpaka mwisho. Ukiandika `dpkg -S /usr/bin/wget` inakujibu kwa neno moja kwamba faili hilo mwenyewe ni wget. Pembeni kuna `.md5sums`, alama za kujua kama faili limeguswa tangu liwekwe, kuna na `.postinst`, skripti inayokimbia pakeji ikishakaa. Hakuna muujiza humo ndani, ni karani tu anayeandika kila kinachoingia na kinachotoka. Wewe ulipoandika `make install` kwenye LFS mzigo uliingia ghalani lakini karani hakuwepo, ndo maana juzi ulikwama. Hukukosea hatua yoyote. Kitabu chenyewe cha LFS kinaeleza waziwazi kwamba hakikupangii mfumo wa kusimamia pakeji, kinakuonyesha njia kadhaa na faida na hasara zake halafu kinakuachia uchague, kwa sababu lengo lake ni kukufundisha mfumo unajengwaje.

Kwa hiyo swali halisi ni nani anashika daftari. Ukitumia distro, wanalishika watu wengine kwa niaba yako. Ukijenga mwenyewe, unalishika wewe. Kuishi bila daftari kabisa haiwezekani, labda uwe na mashine usiyoiapdeti milele, na mashine ya hivyo ukiiunganisha na intaneti ni hatari.

Sasa hizo sifa tatu ulizozisikia, tuzipime.

Wepesi kwanza. Ni kweli ukikompaili na `-march=native` kompaila inatumia maelekezo yote ambayo prosesa yako inayajua, wakati bainari za distro zinajengwa ili ziende hata kwenye prosesa za zamani. Lakini tofauti unaiona wapi? Kwenye hesabu nzito zinazorudiwa rudiwa, kubana video, kazi za kisayansi, mambo ya hivyo. Na hata huko laibrari nyingi nzito, glibc na OpenSSL zikiwemo, zina kodi kadhaa ndani na zinajichagulia zenyewe ile inayofaa prosesa yako pale programu inapokimbia. Kwa hiyo `ls`, `git`, terminal yako, hata desktop, huwezi kuhisi tofauti. Ulichokihisi kwenye LFS yako ni kwamba haina kitu ndani, hamna huduma ishirini zinazoamka pamoja nayo. Na wepesi wa namna hiyo unaupata hata kwenye distro: instoli ile ndogo isiyo na desktop, na ukiongeza pakeji tumia `apt install --no-install-recommends` isikuletee vilivyopendekezwa tu. Hapo naomba nikubaliane na wewe kidogo, takataka zipo kweli, ila nyingi zimekuja kwa sababu hatukukataa.

Halafu kuna upande ambao wasifiaji hawausemi: muda na joto. Wewe una 8GB. Gentoo, ambao kukompaili ndo maisha yao, wanashauri kila kazi ya kompaila inayokwenda sambamba uitengee kama 2GB za RAM, kwa hiyo kwako `-j4` (kazi nne sambamba) tayari umefika ukingoni na bado hujafungua brauza. Kukompaili brauza kubwa au LLVM (zana za kutengenezea kompaila) kwenye laptop ya kawaida ni masaa, feni inapiga kelele, na brauza inatoa viraka vya usalama kila baada ya wiki chache, maana yake masaa hayo unayarudia mwaka mzima. Gentoo wenyewe mwishoni mwa Desemba 2023 walianza kutoa rasmi pakeji za bainari zilizokwisha kompailiwa, kwa yule anayezitaka. Hawakuacha msimamo wao, wamekiri tu kwamba si kila pakeji inastahili umeme wako.

Usalama sasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapodanganyana zaidi. Hoja ni kwamba ukikompaili sosi kodi mwenyewe unajua kilichomo. Nikuulize bila kukuonea: katika zile pakeji 80, umesoma sosi ya ngapi? Mimi ya kwangu niliyojenga mara ya kwanza sikusoma hata moja, nilihakiki md5, ile alama ya kulinganisha faili, nikaenda mbele. Md5 inakuambia faili limefika kama lilivyotumwa, haikuambii aliyelituma alikuwa na nia gani. Machi 2024 dunia ililipata somo hili kwenye xz, programu ya kubana mafaili. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka na mlango wa siri ndani, na ujanja wenyewe ni kwamba skripti inayowasha ule mlango wakati wa kujenga ilikuwa kwenye faili la tar la toleo, lile ambalo sisi tunaokompaili tunalishusha, lakini kwenye hazina ya git haikuwepo. Andres Freund, mtaalamu wa programu, aliukamata kwa sababu aliona kuingia kwenye mashine kwa SSH (njia ya kuingia kutoka mbali) kunachelewa kama nusu sekunde na akakataa kulipuuza hilo. Niseme ukweli wote: mlango ule uliwekwa hasa uamke pale xz inapojengwa kuwa pakeji ya deb au rpm, kwa hiyo mjenzi wa mkono kama wewe huenda asingeumia. Lakini angesalimika kwa sababu shabaha ilikuwa kwingine, macho yake yasingemsaidia chochote. Na habari ilipotoka distro zilizoguswa zilirudisha toleo la nyuma haraka, mtumiaji aliandika komandi moja akamaliza, wakati aliyejijengea ilibidi kwanza habari imfikie, ndo akae aanze kujenga upya.

Na hicho ndo kiini cha usalama kwenye jambo hili. Usalama wa pakeji unatokana na kuwa na mtu anayefuatilia kila siku. Debian 12 ina pakeji zaidi ya 64,000 na kuna timu inayokesha juu yake. Kuna jambo lingine linawachanganya watu, wanaona distro ina toleo la zamani wanadhani ina matundu. Mwaka 2014 ilipotoka kasoro ya Heartbleed kwenye OpenSSL, mradi wenyewe uliiziba kwenye 1.0.1g, lakini Debian 7 ilibaki kuitwa 1.0.1e ikiongezewa tu mkia wa namba ya Debian, kwa sababu wao walichukua kile kiraka peke yake wakakishona kwenye toleo walilonalo. Namba ya zamani, tundu limezibwa. Ukijenga mwenyewe kazi hiyo ya kushona viraka ni yako, au unapanda toleo jipya kila mara na kupambana na mabadiliko yake yote.

Sitaki uone nakutisha kutoka pembeni, mimi mwenyewe nimeungua. Miaka kadhaa nyuma nilitaka Python mpya kwenye mashine ya Debian niliyokuwa naifanyia kazi, sikutaka kusubiri, nikashusha sosi nikaandika `./configure --prefix=/usr`, `make`, `sudo make install`. Ikaingia bila kosa hata moja, nikafurahi. Siku ya pili naapdeti mashine, kila pakeji yenye kitu cha Python inaanguka mwishoni. Nikahangaika nusu siku. Kilichotokea ni hiki: `/usr/bin/python3` ni linki tu, na mimi niliigeuza ielekee kwenye Python yangu. Python ya Debian imeshonewa ijue kutafuta moduli kwenye folda inayoitwa `dist-packages`, ya kwangu iliyotoka kiwandani haiijui folda hiyo, yenyewe inatafuta `site-packages`. Kwa hiyo skripti za mfumo zilikuwa zinaamka kwenye nyumba ambayo vyombo vyake haviko. Nilirudisha linki kwa mkono mambo yakatulia, lakini yale mafaili mengine niliyomwaga ndani ya `/usr` yalibaki, sikuwa na orodha yake, na mwishowe niliinstoli mashine upya. Nilikuwa nimeingiza mzigo ghalani kwa mlango wa nyuma wakati karani yuko mlango wa mbele. Siku hizi kwenye distro sosi yoyote inakwenda `/usr/local`, ambako pakeji meneja haitii mkono, na Python yenyewe ina `make altinstall` ambayo haigusi jina la `python3`.

Haya, turudi kwenye OpenSSL yako maana ndo imekuleta. Unachokiogopa, "nikiweka mpya juu ya ya zamani navunja nini", kina jibu la uhakika kabisa na lazima ulielewe kabla hujagusa kitu.

Programu ikiunganishwa na laibrari, ndani ya bainari linaandikwa jina la laibrari hiyo pamoja na namba kubwa. Andika `readelf -d /usr/bin/wget` utafute mistari ya NEEDED, kama wget yako umeijenga na OpenSSL utaona `libssl.so.3` na `libcrypto.so.3`. Hiyo 3 ni ahadi: laibrari yoyote inayojiita `.so.3` itaendelea kuitikia miito yote ya zamani. Kwa hiyo ukitoka toleo moja la OpenSSL 3 kwenda jipya zaidi ndani ya 3, unajenga, unainstoli juu yake, na wget, OpenSSH, Python havihitaji kujengwa upya. Cha kukumbuka tu ni kwamba programu zilizokuwa zinakimbia bado zimeshikilia ile ya zamani kwenye RAM, hivyo sshd (huduma ya SSH) uiwashe upya, au buti mashine nzima uondoe wasiwasi.

Hatari inakuja namba kubwa ikibadilika, kama walivyohama kutoka 1.1 kwenda 3.0 mwaka 2021. Hapo jina ni jingine. Programu za zamani zinaendelea kuitafuta `libssl.so.1.1`, ukiwa umeifuta zinakufa zote kwa mpigo na ujumbe kwamba faili la laibrari halifunguki. Kwa hiyo unaacha ya zamani ikae pembeni ya mpya, unajenga upya kila kinachoitegemea kimoja kimoja, na ukishahakikisha hakuna anayeitaja tena ndo unaifuta. Kujua nani anaitaja bila daftari ni kupita kwenye kila bainari na kila laibrari kwa `readelf`. Inawezekana, skripti ya mistari mitano inatosha, ila fikiria kazi hiyo mara ngapi kwa mwaka.

Na glibc iache kabisa. Hiyo kila kitu kimeisimamia, ukikosea katikati hata `ls` haifanyi kazi, huna `cp` wala `mv` ya kujiokolea. Matoleo ya zamani ya kitabu cha LFS yalisema ukihitaji glibc ya toleo jipya ni salama zaidi kuujenga mfumo upya, na ya karibuni yanataka uchukue tahadhari za ziada.

Mafaili yapi ni ya OpenSSL? Hili unaweza kulitibu leo leo hata kama hukuandika chochote mwanzoni. Chukua faili lile lile la tar la toleo lile lile ulilolijenga, lijenge tena kwa mipangilio ile ile, ila mwisho badala ya `make install` tupu andika `make DESTDIR=/tmp/ssl install`. DESTDIR inaidanganya programu kwamba `/tmp/ssl` ndo mzizi wa disko, inamwaga kila kitu humo bila kugusa mfumo. Ingia humo uandike `find . ! -type d | sort` uelekeze kwenye faili la maandishi. Hiyo ndo orodha yako. Umepata daftari la pakeji moja, na kuanzia leo kila unachojenga kinapita hapo kwanza: kwenye folda ya muda, orodha inatunzwa, ndipo kinahamia kwenye mfumo. Ukitaka kukitoa, unafuta mafaili yaliyo kwenye orodha, mafaili tu, folda usiziguse mpaka uone ziko tupu, maana `/usr/lib` ni ya wote.

Ukifanya hivyo wiki mbili utagundua umeanza kuandika pakeji meneja yako, na utaanza kukutana na vitu ambavyo wao walishakutana navyo. Utaona mafaili ya `/etc` uliyoyahariri yanafunikwa na mapya, ndo utaelewa kwa nini dpkg inasimama na kukuuliza ubaki na lako au uchukue lao. Utaona programu imekaa lakini ikoni zake hazionekani, kwa sababu kuna komandi za kujenga upya kashe ambazo `make install` ya kweli ingezikimbiza na DESTDIR imeziruka. Na ukifika kwenye desktop unaweza kukutana na FreeType na HarfBuzz, laibrari mbili za kuchora maandishi, ambazo kwenye matoleo mengi mmoja anamtaka mwenzake na mwenzake anamtaka yeye. Unajenga FreeType bila HarfBuzz, unajenga HarfBuzz, halafu unarudi kuijenga FreeType tena mara ya pili. Mimi hapo ndo nilipowaheshimu watu wa distro, kwa sababu kwenye apt hilo duara sikuwahi hata kulijua kama lipo.

Sasa ufanyeje wewe, na laptop moja?

Ningekuwa wewe, distro ingebaki kuwa mashine ya kazi, LFS ingebaki kwenye partisheni yake au ihamie kwenye mashine pepe ambako ukiharibu unarudisha nakala ya jana. Sikuambii kwa sababu hujui, nakwambia kwa sababu siku ya kazi kuu glibc ikivunjika hutakuwa na kompyuta nyingine ya kutafutia jibu.

Ndani ya distro kiu ya sosi unaikata vizuri tu bila kumkwepa karani. Kuna programu unataka iwe na kipengele walichokizima? Kwenye Debian washa mistari ya sosi kwenye orodha ya repo, andika `apt source` na jina la pakeji, `apt build-dep` ikuletee vinavyohitajika kujengea, badilisha unachotaka, halafu `dpkg-buildpackage -us -uc -b` inakupa deb yako mwenyewe unayoinstoli kwa dpkg. Kwenye Arch ni PKGBUILD na `makepkg`, na kwa maoni yangu hiyo ndo njia nyepesi kuliko zote ya kujifunza, skripti fupi unaisoma kwa dakika mbili. Umekompaili mwenyewe na bado imeandikwa daftarini. Hii ndo njia ninayoitumia mimi kila siku, na nashangaa inavyosahaulika, watu wanaongea kana kwamba sosi na pakeji meneja ni mahasimu wakati kila bainari ya distro ilizaliwa kwenye sosi.

Kama moyo wako unataka kila kitu kikompailiwe hapo hapo kwako, basi Gentoo ndo nyumba yako. Unachagua vipengele, unakompaili, na Portage, pakeji meneja yake, inashika daftari. Kuna Nix na Guix pia, hizo kila pakeji inakaa kwenye folda yake yenye jina lililotokana na kila kilichoijenga, matoleo mawili ya laibrari moja yanakaa pamoja bila ugomvi na ukiharibu unarudi nyuma. Ni mawazo mazuri sana, ila zina lugha zao za kujifunza, sio jambo la wikiendi moja.

Na ukiamua kubaki na LFS kama mfumo wa kuishi nao, sikukatazi, nina watu nawaheshimu wanaishi hivyo. Weka dpkg, au pacman ya Arch, au RPM juu yake. Swali lako kama bado ni LFS: ndiyo, asilimia mia, umejenga wewe na daftari umelichagua wewe. Jihadhari na kitu kimoja tu, dpkg ukiiweka leo daftari lake ni tupu, haijui kama glibc ipo wakati imeikalia. Itabidi kila pakeji uijenge upya kama pakeji, ndo maana wanaojua wanaiingiza mapema wakati wa kujenga na sio mwisho. Na usije ukachukua deb za Debian ukazimimina kwenye LFS kwa kulazimisha, zimejengwa na glibc yao, utaambiwa GLIBC ya toleo fulani haijapatikana na hiyo ndo itakuwa bahati, mbaya zaidi ni pale zinapokubali kuingia na kufunika mafaili yako. Kama hutaki uzito wote huo, GNU Stow inatosha kuanzia: kila programu kwenye folda yake, halafu linki tu ndo zinakwenda `/usr/local`. Ukitaka kuitoa unatoa linki.

Kuna mahali nitakuomba usimame usiendelee peke yako. Ukitaka kugusa partisheni kwenye disko lenye data ambayo haina bekapu, mtafute mtu anayejua Linux akae pembeni yako kwa macho yake, sio kwa kupigiana picha za skrini. Vivyo hivyo kama disko limeanza kutoa makosa ya kusoma kwenye `dmesg` (ujumbe wa kernel) katikati ya kukompaili, hapo acha kujenga kabisa, okoa data kwanza, na kama data ni ya maana mpelekee fundi wa kuokoa data kabla hujajaribu lolote, kwa sababu kila jaribio linaliumiza zaidi. Kompaila ikianguka ovyo ovyo, kila mara sehemu tofauti, shuku RAM au joto kabla ya sosi kodi, na hapo mtu wa vifaa aifungue aione. Na kama hiyo laptop au seva wanaitegemea watu wengine, ofisini au popote, usihamishe chochote bila kukaa na anayehusika nayo.

Kwa usiku wa leo: buti LFS yako, andika `openssl version` ujue uko toleo gani. Kama inaanza na 3 na kiraka ni cha 3, jenga, `make test` usiiruke hata kama inachosha, pitisha DESTDIR, tunza orodha ya toleo la zamani na la jipya, zilinganishe kwa `diff` uone ni nini kimeongezeka na nini kimeondoka. Ndipo uinstoli na kuiwasha sshd upya. Ukiwa unaingia kwa SSH kutoka mbali, usifunge kile kikao ulichonacho mpaka umefungua cha pili kikakubali.